Pengo la Mita Mbili

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa tatu kasorobo asubuhi, Nangila alikuwa amechuchumaa mbele ya vipande viwili vya bomba akijaribu kuviunganisha kwa moto, na rodi ikamgandia kwenye chuma kwa mara ya nne. Akaizungusha, akaing'oa, akasonya. Mzee Wepukhulu, mwenye kibanda, hakuinua macho kutoka kwenye gazeti la juzi.

"Mama, wewe unaangalia moto," alisema. "Moto haina kitu ya kukuonyesha. Angalia ile uji ya chuma iko chini yake. Hiyo uji ndiyo kazi."

"Naiangalia, Mzee."

"Hapana. Unaiogopa."

Ilikuwa kweli. Nangila alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kwa miaka kumi na sita alikuwa ameshona sare za shule pale mtaa wa Pioneer, Eldoret, mpaka shule zikaanza kuagiza sare zilizoshonwa tayari, cherehani yake ikageuka meza ya redio. Wapo watu ambao wangekaa chini walie. Yeye alilia siku mbili tu. Ya tatu akatembea mpaka kwenye vibanda vya jua kali akauliza nani anafundisha kuchomelea. Mafundi watatu wakacheka. Wa nne alikuwa Wepukhulu, ambaye hakucheka kwa sababu siku hiyo aliumwa na jino.

Miezi mitatu ya kwanza alisugua kutu, akashikilia vyuma vya wenzake, akatoboa mabati ambayo hayakutakiwa kutobolewa. Jioni macho yalimwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Mumewe, Mabonga, alimkatia viazi vibichi vipande vyembamba akamfunika navyo macho, ndiyo dawa ya mafundi. "Leo tunapika macho ama tunapika chakula?" alimtania. Mabonga aliendesha lori la unga kwenda Nakuru kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku za kukaa nyumbani alipenda kutania.

Kufikia Septemba mkono ulikuwa umekubali. Mshono wake ulitoka umenyooka kama upindo wa sketi ya shule. Wepukhulu aliupapasa kwa kidole gumba, akasema "Hm," na katika kibanda kile hakuna cheti kingine.

Wiki hiyohiyo Kuria, muuza viazi mwenye pikapu nyeupe, alitaka atengenezewe ngao ya mbele, ile ya chuma inayolinda taa na rejeta. Na Maurice, muuza vyuma vikuukuu, akaja akisukuma mkokoteni wake ukiwa na vyuma vitatu virefu, vizito, vyenye mawimbi mawili na matundu ya bolti kwenye ncha, vimepakwa matope ambayo hayakuwa ya barabarani. Katika vibanda vile kuna sheria moja: chuma hakiulizwi kwao. Ukianza kuuliza utabaki na rodi mkononi na huna cha kuchomelea. Wepukhulu alilipa, akamsukumia Nangila vile vyuma kwa mguu.

"Hii ngao ni yako," alimwambia. "Mimi sitaigusa."

Nangila alikata kwanza umbo la ngao kwenye katoni ya sabuni, kama anavyokata kola, akalijaribisha kwenye pua ya gari mpaka likakaa. Akapiga nyundo siku mbili kunyoosha yale mawimbi. Akaziba matundu ya bolti moja baada ya jingine. Alipowasha moto, moshi ulitoka mweupe, mzito, na nyuzi nyeupe nyepesi zikaelea kibandani. Wepukhulu alinusa.

"Hiyo imepakwa zinki. Kunywa maziwa."

Kila fundi Eldoret anajua kwamba ukichomelea chuma cha zinki unakunywa maziwa. Kama yanasaidia, hilo muulize daktari. Nangila alikunywa pakiti mbili na jioni homa ikamshika hivyohivyo, meno yakagongana, na mdomoni akasikia utamu wa sarafu. Mabonga alimfunika blanketi mbili. "Hii ni malaria ya mabati," alisema, lakini hakulala mpaka alipomwona ametulia. Asubuhi homa haikuwepo, na Nangila akarudi kazini.

Jumamosi ngao ilifungwa. Kuria aliizunguka, akaipiga teke, akaumia, akafurahi.

"Fundi, hii hata treni itaomba njia!"

Alipiga picha akaziweka kwenye simu yake watu waone. Ndani ya wiki mbili mwalimu mmoja wa Moiben alileta Probox atengenezewe keria ya juu, kwaya ya kanisa ikaleta Noah yake iwekewe ngazi ya nyuma, na daktari wa mifugo akaleta Land Rover. Wote walisema wanamtaka yule mama. Maurice aliendelea kuleta chuma kilekile. Nangila alikuwa na furaha, wacha tuseme wazi. Alitembea Pioneer na dastikoti lake lililojaa matundu ya cheche, na wale waliomwita mama wa sare wakaanza kumwita Fundi.

Alhamisi moja, saa saba mchana, Kuria alikuwa anashusha viazi sokoni. Magunia sita yalikuwa bado juu pikapu ilipojiwasha, ikaonyesha taa ya kulia, ikarudi nyuma vizuri bila kugusa mtu, ikaondoka. Ndani hapakuwa na dereva. Kuria alirukia boda boda akaifuata. Mwenye boda alilalamika kuhusu baridi kuanzia Burnt Forest, lakini alimfikisha.

Aliikuta Timboroa, njia ya Nakuru, kwenye kona ya msituni, imesimama ukingoni, ngao ikiwa imeelekea barabara, taa za tahadhari zinawakawaka. Ukungu ulikuwa ndiyo kwanza umeshuka. Alijaribu kuiwasha ikakataa. Pale kona palikuwa na mama mmoja, Mama Muthoni, anayeuza chai chini ya turubai.

"Wacha ikae," alimwambia. "Inaziba."

"Inaziba nini?"

Mama Muthoni alionyesha kwa kijiko. Nyuma ya pikapu hapakuwa na kitu. Kile chuma kirefu cha kuzuia magari yasitumbukie bondeni kilikuwa kimeondolewa, na nguzo zake zimekatwa kwa grainda mpaka usawa wa nyasi.

"Walikata mwezi wa nane," alisema. "Walikuja na jenereta na jaketi za kung'aa. Tukadhani ni serikali, nikawauzia chai."

Saa kumi na moja ukungu uliinuka, na pikapu ikawaka mara moja. Kuria aliwaza kwamba viazi vyake hutoka Timboroa, basi labda gari limezoea njia. Lakini ukungu wa pili uliposhuka alikuta Probox ya mwalimu imemtangulia. Ukungu wa tatu, magari yalikuwa manne. Kufikia Novemba, kila ukungu ukishuka Timboroa, iwe saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, magari kumi na moja yaliondoka Eldoret na Moiben saa moja kabla, yakajipanga pale kona, kila moja likisimama jinsi chuma chake kilivyotaka, bila kugombana. Huwezi kusema hivyo kuhusu maegesho yoyote ya Eldoret.

Watu walizoea. Mwalimu alisahihishia madaftari yake pale. Kwaya ilifanyia mazoezi ndani ya Noah, na sauti ya pili, ambayo ilikuwa aibu tupu, ikaanza kusikika. Mama Muthoni aliongeza sufuria.

Nangila alijua mapema kuliko wote. Utamu wa sarafu ulimjia mdomoni, mwili ukamtetemeka, naye akampigia Kuria simu: "Bwana Kuria, shusha hizo viazi haraka, gari inaenda." Siku moja alipanda naye ili aone kwa macho yake. Alipima kwa shubiri kutoka nguzo moja iliyokatwa hadi nyingine, akapima kutoka tundu hadi tundu kwenye ngao, yale matundu aliyoyaziba mwenyewe. Vipimo vilikuwa sawa. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma, kwa sababu barabara hiyo ndiyo ya Mabonga.

Aliporudi alimwuliza Maurice ametoa wapi chuma. Maurice aliumia kweli.

"Mama, si hapa hatuulizani? Mimi nanunua kwa vijana, nyinyi mnanunua kwangu."

"Na tukikataa," alisema Wepukhulu, "kibanda ya jirani haitakataa."

Yote mawili yalikuwa kweli, na bonde lilikuwa palepale.

Basi Nangila alivaa nguo za kanisani akaenda ofisi ya barabara. Afisa aliyempokea aliitwa Obiero, mtu mstaarabu, akamvutia kiti, akafungua kompyuta.

"Mama, kwa rekodi zetu hiyo chuma iko."

"Haiko. Mimi ndiye nimeichomelea kwa magari ya watu."

"Iko. Mita thelathini na sita. Ilifungwa mwaka juzi." Aligeuza kompyuta amwonyeshe. "Lakini kuna ukaguzi Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Nitakuja mwenyewe. Nikiona pengo naandika pengo, na mpya inaletwa. Nisipoona pengo siwezi kuandika pengo. Hapo umenielewa?"

Nangila alimwelewa. Alimshukuru, akaweka alama kwenye kalenda, na kuanzia siku hiyo akawa anamwomba Mungu jua tu.

Jumatano ya wiki iliyofuata lori la Mabonga liliteleza. Barabara ilikuwa imelowa, ukungu mzito, breki zikashika upande mmoja, na lori lenye unga wote ule likaenda kombo moja kwa moja kwenye kona. Likagonga ngao ya Kuria, likasimama. Ngao ilikunjika katikati kama kiwiko. Hakuna mshono hata mmoja ulioachia. Mabonga alishuka akapapasa ile mishono kwa kidole, akaijua ni ya nani, kwa kuwa amevaa suruali zilizoshonwa na mkono huo miaka yote ya ndoa.

Jioni alikaa mezani na hakula.

"Nangila," alisema. "Leo umenishika."

Nangila alicheka, halafu akalia, halafu akamgombeza kwa nini ugali unapoa. Alimshika mkono mpaka wakalala.

Lakini Kuria naye alikuwa na yake. Rejeta ilikuwa imepasuka, magunia mawili yamepondeka, na wateja wake watatu walikuwa wamehamia kwa mtu ambaye gari lake halina safari zake lenyewe. Alikuja kibandani bila hasira, jambo ambalo ni baya zaidi.

"Fundi, nitolee hii kitu. Niwekee ingine ya chuma ya duka."

"Bwana Kuria, tafadhali. Ngoja mpaka ukaguzi. Ni siku tisa tu. Mabonga anapita pale mara tatu kwa wiki."

"Najua, na nashukuru Mungu alipona. Lakini mimi si barabara, Mama. Mimi ni muuza viazi."

Nangila alimtazama Wepukhulu, na Wepukhulu akatazama mikono yake.

"Gari ni ya mwenyewe," alisema. "Na aliyeshona ndiye anafumua."

Alifumua. Kazi ya wiki moja ilichukua dakika kumi kwa grainda, na chini ya miwani Nangila alikuwa analia, cheche zikiruka na hakuna aliyemwona. Maurice aliichukua ile ngao akaiuza vipande, ikawa majiko ya makaa na miguu ya viti. Vitu vidogo havina nguvu ya safari. Siku za ukungu viti viligeukia mlangoni, basi. Jiko moja lilijitahidi likafika Burnt Forest kabla makaa hayajaisha.

Ukungu uliofuata, magari kumi yalijipanga kama kawaida, yakaacha pengo la mita mbili kati ya Probox na Noah, mahali pa pikapu. Nangila alikuwa kibandani. Utamu ulimjia, mwili ukatetemeka, na safari hii haukutulia. Alikuwa amevuta moshi wa vile vyuma kuliko fundi yeyote Eldoret. Akaweka rodi chini, akavua glovu.

"Mzee, naenda Timboroa."

"Vaa sweta," alisema Wepukhulu.

Alisimama kwenye pengo, mikono ameitanua kidogo, mgongo umeelekea bonde. Magari yalipita polepole, madereva wakamwona, wakashika breki. Pikapu ya maziwa iliteleza ikamgonga nyongani, ikasimama. Dereva aliomba msamaha akampa mtindi. Kesho yake Wepukhulu alimgonga pale nyongani kwa kinyundo cha kutolea ganda la mshono, akatega sikio, akasema haijapasuka.

Jumatatu Mabonga alimkuta pale. Alishusha kioo.

"Umekula?"

"Bado."

Akampa mkate nusu, akaendelea na safari kwa gia ya pili. Mabonga alimnunulia soksi nzito.

Ijumaa ya ukaguzi jua lilichomoza vizuri, na Nangila akaimba akichemsha chai. Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Alikuwa amewaomba wenye magari wayafunge kwa minyororo siku hiyo, hata ukungu ukija, Obiero alikute bonde wazi. Na Mabonga alikuwa amemwahidi kwamba ataanza safari akishapata simu yake. Saa tatu utamu ukamjia mdomoni. Alimpigia Mabonga. Tajiri wake, mwenye lori, alikuwa amemwagiza aondoke mapema, na simu ilikuwa imezimwa kwa kuwa yuko njiani.

Alipofika kona, ukungu ulikuwa chini kabisa. Magari kumi yalikuwepo. Probox ya mwalimu ilikuja na mnyororo na kipande cha geti. Na pale katikati palikuwa wazi, mita mbili, bonde jeupe tu. Miguu ilimpeleka. Alisimama.

Obiero alikuwa amefika, na jaketi ya kung'aa, na utepe wa kupimia. Mama Muthoni alikuwa ameshampa chai. Alianza kwenye ncha ya juu, akishuka gari moja baada ya jingine, akigonga kila chuma kwa kifundo cha kidole na kuandika. Land Rover, chuma. Keria ya Probox, chuma.

"Bwana Obiero," Nangila alisema alipomfikia. "Haya ni magari ya watu. Na mimi ni mtu. Hapa ni pengo."

"Nakusikia, Mama. Lakini naandika chenye naona. Hapa naona umesimama wewe." Alishusha sauti kwa huruma. "Toka kidogo tu. Nikiona hiyo bonde, naandika, na mwezi wa pili chuma mpya iko hapa. Hatua mbili. Nitakuwa nimemaliza kabla chai yangu haijapoa."

Hakuwa mtu mbaya. Alishika kalamu tayari. Nangila aliinua mguu wa kulia.

Juu kule, ndani ya ukungu, lori lilikuwa linateremka. Lilikuwa la Mabonga. Gia yake ya tatu hukataa kuingia mara ya kwanza, na dereva wake huikaripia kwa kuikanyagia klachi mara mbili, na mke wake anaujua mlio huo kama anavyojua kikohozi chake. Ilitoka, ikakataa, ikaingia. Alikuwa anakuja kasi kuliko alivyopaswa, kwa sababu alijua ya kwamba pale kona mkewe yupo wa kumshika.

Nangila aliurudisha mguu.

"Toka, Mama."

"Siwezi."

"Hata hatua moja?"

"Siwezi, Bwana Obiero."

Obiero alipumua. Saa yake ilionyesha saa nne na nusu, na alikuwa na kona nyingine tano kabla ya jioni. "Basi nishikie hapa," alisema, akampa ncha ya utepe.

Nangila aliishikilia kifuani kwa mikono miwili. Obiero alienda na utepe mpaka mwisho wa juu, akasoma, akarudi, akapita upande wa chini, akasoma tena. Alijumlisha kwa sauti. Thelathini na sita. Akaandika kwamba kizuizi kipo, kiko imara, na hakuna pengo.

Lori likatokea kwenye ukungu, likaona taa zinazowakawaka, likaona dastikoti lenye matundu, likapunguza mwendo, likapinda kona vizuri. Mabonga alimpungia mkono. Nangila hakumpungia, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

"Ahsante kwa kunisaidia," Obiero alisema, akiukunja utepe. "Ukaguzi mwingine ni baada ya miaka mitano."